Kobe Aliyelala Chali

Jumamosi, tarehe 9 Machi. Kulikucha na mawingu mepesi. Upepo haukuwapo, na hewa ilikuwa kavu kiasi cha rangi kukauka bila kutiririka. Shemeji yangu huiita hali hiyo "hewa ya kazi", na kwa muda mrefu sasa amekuwa akiiona inampita hivi hivi.

Shemeji ni mchora mabango. Amemuoa dada yangu mkubwa, na mtaa mzima unamwita Pimamaji kwa sababu ya kile kifaa cha waashi chenye kiputo ndani ya kioo, ambacho hakimtoki mfukoni. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajapata pa kukaa atakuwa ameshanyoosha kalenda ukutani. Siku ya harusi yake alimsimamisha mpiga picha kwa kuwa pazia la nyuma yao lilikuwa limelala upande. Dada hajasahau. "Nimesimama pale na shela langu, machozi ya furaha yananitoka," husema, "mume wangu anapima pazia."

Kazi ya mkono imepungua. Siku hizi watu wanachapisha mabango ya plastiki kwa mashine. Yanatundikwa leo, kesho yameanza kujikunja pembeni. Shemeji amebaki kuandika namba kwenye mageti na yale maneno ya kukataza watu wasiegeshe magari. Ukuta hasa, ukuta wa kupandia ngazi, hakuwa ameugusa tangu binti yao wa mwisho aolewe. Lakini brashi zake kubwa bado zimo kwenye mkebe, na kila Jumapili anaziosha ingawa hazina uchafu.

"Unaziosha za nini?" dada humuuliza.

"Zisinisahau."

Ndani ya mkebe huo ndimo ilimokuwa kaseti ya gemu. Alipewa zamani na mtu aliyekuwa na banda la kuchezea gemu, ambalo shemeji aliliandika jina mlangoni. Mtu huyo alipofunga shughuli akamwachia kaseti moja iwe ukumbusho, na nadhani alichagua ile ambayo hakuna mtu angeililia. Ilikuwa gemu ya kobe anayepanda ngazi amebeba vyungu kichwani. Chungu kimoja kikianguka, unarudi chini kuanza upya. Kobe mwenyewe alikuwa mzito: unabonyeza kitufe, unakwenda kunywa maji, unarudi ndipo anainua mguu. Na juu ya ubaya wote huo, lebo ilikuwa imebandikwa kichwa chini. Kobe chali, miguu hewani, amelalia vyungu vyake kama mito. Shemeji aliitia mkebeni uso ukiwa chini ili asiwe anaiona.

Wiki ile dada alikuwa anapunguza vitu ndani. Alivipiga picha kwa simu, akavitangaza: feni bovu, viatu vya binti, na ile kaseti. Chai yake haijapoa, simu ikalia. Nilikuwapo, na dada huweka sauti nje kila akipigiwa simu na mtu asiyemjua, ili tuwe mashahidi. Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye duka la miwani pale njia panda, naye alitaka kujua kama kaseti ile ipo kweli.

"Ipo," dada akasema. "Lakini nisikufiche mama, gemu lenyewe baya."

"Ndiyo raha yake. Gemu zuri kila mtu alilinunua, mpaka leo yamejaa. Baya halikununuliwa, na machache yaliyonunuliwa yakatupwa. Sisi tunaokusanya tunahangaika na hayo."

"Kumbe! Basi nina vitu vibaya vingi humu ndani. Na mume ninaye."

Mama wa miwani akacheka. Akasema kaseti hiyo anaitaka hasa kwa sababu ya lebo yake, na kwamba angekuja Jumamosi asubuhi, asipewe mtu mwingine. Akauliza bei.

Dada yangu ni mshonaji, na kichwa chake ni chepesi kuliko cherehani yake. Hakutaja bei. Akauliza, "Mama, una ukuta?"

"Ukuta?"

"Wa duka. Mume wangu ni mchoraji."

Alikuwa nao: ukuta mrefu unaotazama njia panda, umeshapigwa chokaa nyeupe, unangoja bango la plastiki lenye maneno mawili, ONA SAWASAWA. Wakakubaliana. Kaseti kwa ukuta, na rangi juu ya mama wa miwani.

Shemeji alipoambiwa alikaa, akasimama, akakaa tena. Jioni hiyo alipita mbele ya ukuta ule kwa baiskeli, akageuza, akapita tena, mpaka mlinzi akamuuliza kama kuna kitu amedondosha. Akanunua karatasi za kaki, akaziunganisha, akaanza kuchora herufi kwa ukubwa wake halisi sakafuni. Tukawa tunaingia sebuleni kwa kuruka.

Ijumaa mchana akamuuliza dada, "Alisema kaseti anaitakia nini?"

"Lebo."

"Lebo ile?"

"Lebo ile ile."

Dada akaondoka kupeleka magauni ya watu. Shemeji, kwa maelezo yake mwenyewe, alibaki akifikiri hivi: mgeni anatoka kwake, anakuja kuangalia lebo, na lebo yenyewe imelala chali. Aibu gani hiyo. Akachemsha birika. Akaishikia kaseti kwenye mvuke, akaiinua lebo kidogo kidogo kwa wembe, akaigeuza, akaibandika upya kwa gundi ya unga wa ngano, akaipima kwa pimamaji. Alipomaliza, kobe alikuwa amesimama kwa miguu yake minne kwa mara ya kwanza tangu atoke kiwandani. Akaifunika kwa kitambaa safi, na hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi ya ghafla.

Basi Jumamosi hiyo yenye hewa ya kazi, mama wa miwani akafika mapema. Ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, amevaa miwani moja machoni na nyingine kichwani. Alitoa glavu nyeupe kwenye mkoba, akazivaa, akafunua kitambaa kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Akaigeuza kaseti, akaigeuza tena.

"Hii siyo," akasema.

"Ndiyo yenyewe," shemeji akajibu, kifua mbele. "Nimekunyooshea."

Mama wa miwani alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine. "Umeninyooshea."

"Kabisa. Pima popote unapotaka."

Akakaa. Dada akamletea maji bila kuombwa. Kisha mama yule akatueleza, polepole, kama daktari mwenye majibu mabaya. Siku moja kule kiwandani karatasi za lebo ziliingizwa kwenye mashine kinyume. Zikatoka kaseti chache, kabla ya msimamizi kupita na kupiga kelele. Wanaokusanya wanajua karibu kila moja iko kwa nani. Mmoja ameifungia yake ndani ya sefu.

"Amefungia kosa ndani ya sefu?" shemeji akauliza.

"Kosa ndilo mali yenyewe, fundi. Zilizonyooka ziko kibao, hata bure sizitaki."

"Mama, kwa hesabu hiyo hawa wa mabango ya plastiki wangekuwa matajiri wote."

Dada ndipo alipopata sauti. "Mlango wa jikoni unalia tangu mvua za mwaka jana, nakuomba, nakubembeleza, huugusi! Kobe wa watu ndiye uliyemwahi!"

"Alikuwa amelala chali, mke wangu! Miguu juu miaka yote hiyo!"

"Ni picha!"

"Hata kama ni picha."

"Basi mgeuze tena alale, tumalize."

Mama wa miwani akatikisa kichwa. Ikigeuzwa tena itakuwa kazi ya mikono, akasema, si kosa la kiwandani.

"Nani atajua?" dada akauliza.

"Mimi nitajua. Mimi ndiye nitakayeitazama kila siku."

Nilimwona shemeji akiitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa kuliko sote. Kisha akaelewa pia maana yake, kwamba ukuta umekwenda, na mabega yakamshuka. Mama wa miwani alitoa kioo cha kukuzia, akachunguza kingo za lebo upande hadi upande. "Hata kiputo hakuna," akasema kwa uchungu. "Ungekuwa fundi mbaya, ningekuwa na namna ya kukudai." Akavua glavu, akainuka.

Shemeji hakumbembeleza. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshauchora." Akaikunjua ile karatasi ya kaki. Ikatoka sebuleni, ikapita mlangoni, ikaishia uani chini ya kamba ya nguo. ONA SAWASAWA. Mama wa miwani akavua viatu, akaifuata herufi kwa herufi. Kwenye S ya kwanza akasimama.

"Tumbo la chini umelifanya kubwa kuliko la juu. Kwa nini?"

"Yakilingana, S inaonekana kama inataka kuanguka. Watu hawalioni, ila linawakera bila wao kujua."

"Na ikigeuzwa kichwa chini?"

"Mungu apishe mbali."

Akazunguka upande wa pili wa karatasi, akainamisha kichwa, akaitazama S ikiwa imepinduka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Fundi, umeniharibia kosa langu. Nipe jingine. Ukuta ni wako, lakini ile S ya pili utaiandika kichwa chini."

"Mama, niombe kitu kingine."

"Sina kingine."

Shemeji akafikiri. Macho yakamng'aa. "Basi nikugeuzie O."

"Usinichezee. Mimi napima watu macho kwa herufi kila siku. O ikigeuka ni O."

"Yangu hapana, ina unene kidogo chini..."

"S, fundi."

Shemeji akamgeukia dada kama anayetafuta wakili. Dada akamshika bega. "Mume wangu, ni tumbo la S tu. Mimi langu umeligeuza kwa mimba nne, na bado unaniona nimenyooka."

Shemeji akakata shauri. "Hewa ni ya kazi," akasema, "tusiipoteze." Tukapakia ngazi, rangi na karatasi kwenye mkokoteni.

Nilimshikia ngazi mchana kutwa. Herufi zilitokea ukutani kama zilizokuwa zimo humo zinangoja kufunguliwa, na mkono wake ulikwenda bila kusita, mpaka alipofika S ya pili. Hapo alishuka kunywa maji. Akapanda. Akashuka kuuliza kama mkokoteni uko salama. Akapanda, akaibandika karatasi ikiwa imepinduka, akafuata mistari akiwa ameugeuza uso pembeni, kama mtu anayechomwa sindano.

Alipomaliza, mpita njia mmoja akasimama. "Fundi, imependeza hiyo!"

"Huoni kitu?" shemeji akamuuliza kwa wasiwasi.

"Kitu gani?"

"Kwenye S."

"Ipi? Ziko mbili."

"Angalia vizuri!"

"Zote nzuri tu, mzee wangu."

"Nzuri vipi? Hebu sogea! Huoni ile inavyotaka kuanguka?"

Mama wa miwani, aliyekuwa amesimama mlangoni pake, akamshika yule bwana mkono taratibu. "Hajaona," akasema kwa furaha. "Karibu ndani, baba, tukupime macho." Aliingiza watu kadhaa kwa njia hiyo kabla ya kufunga duka. Kaseti alituachia. Alisema kobe aliyesimama hana kazi naye. Shemeji akairudisha mkebeni, safari hii uso ukiwa juu.

Wakati wa chakula cha jioni aliigeuza sahani yake, akaitazama, akairudisha.

Kesho yake, Jumapili, alinigongea dirisha kabla jua halijapanda. Ngazi ilikuwa tayari mkokotenini, na mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna kwa kopo dogo la rangi nyeupe. "Twende mara moja tu, shemeji," akaninong'oneza, "kabla watu hawajaamka." Tukausukuma mkokoteni kimyakimya mpaka njia panda.

Mama wa miwani alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya S ya pili, chupa ya chai miguuni, miwani zote mbili usoni.

"Nilijua," akasema.

"Nimekuja kuona kama imekauka."

"Na ngazi?"

"Ya kuonea."

"Na hicho kinachotuna mfukoni?"

Shemeji akaufunika mfuko kwa kiganja. Mama wa miwani akasukuma stuli kwa mguu kumkaribisha. Mguu mmoja wa stuli ulikuwa mfupi, ikawa inayumba. Shemeji alitoa pimamaji, akaiweka juu ya stuli, akakunja kipande cha boksi, akakisokomeza chini ya mguu ule mpaka kiputo kikatulia katikati. Ndipo akakaa, akapokea kikombe cha chai, akainamisha kichwa hadi sikio likakaribia bega, akabaki akiitazama S yake hivyo hivyo.