Taa Juu ya Kitanda cha Volti

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa betri, na mtaa mzima ulimwita Volti. Hata mama alimwita hivyo. Jina la ubatizo alilikumbuka akikasirika tu.

Bandani kwake kulikuwa na meza, mita yenye nyaya zilizofungwa utepe, na madumu ya maji ya betri. Suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi. Betri ikitoka kwenye chaji aliiwekea kiganja ubavuni kama anayepima homa ya mtoto, kisha akaandika tarehe kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu. Wateja walipolalamika kwamba betri zao zinakufa haraka, aliwajibu, "Betri ni kama mkwe. Ukimsahau mwezi, atakununia mwaka."

Kazi aliyojivunia ilikuwa gari-nyumba. Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka jiko, friji na vitanda viwili. Chini ya kitanda chake aliweka betri mbili kubwa za kuhudumia nyumba, mbali na ile ya injini. Haikuwa anasa. Mama ana ugonjwa wa mapafu. Kwenye safari ndefu lazima alale, na asubuhi na jioni avute dawa kwa mashine ya mvuke. Kwa daktari wake ni mwendo wa siku mbili, na njiani hakuna umeme. Kila baada ya miezi sita Volti alimpeleka.

Moyo wa Volti ulisimama ghafla, wiki saba kabla ya miadi. Siku ya mazishi mama alifunga gari na kuficha ufunguo. "Asiguse mtu kitu cha mwanangu." Tukatii. Nani angebishana naye?

Jumamosi kabla ya wiki ya miadi, mama alinipa ufunguo. Tulitakiwa kuondoka Jumatatu. Mita ya Volti ilisoma volti tano kwa betri ya kwanza, na mbili kwa ya pili, badala ya kumi na mbili. Binamu yetu, dereva, alichomeka chaja. Ikalia mara tatu, ikanyamaza.

"Imekataa," akasema. "Tuahirishe miadi."

"Mpaka miezi sita mingine? Umemsikia anavyokohoa?" Nilikuwa nimempelekea Volti chakula bandani miaka mingi, na macho hayana pazia. "Chaja haioni betri, imelala mno. Lete ya injini."

"Dada, una akili? Ukiiua na hiyo, nani atasukuma gari? Mimi nina mgongo mmoja tu!"

"Tutaziunganisha, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Chaja itaiona ile nzima, ianze kazi, na hii mgonjwa ipate chake. Ikiamka tu, tunaitoa yako."

Tulifungua madirisha yote kwa sababu ya gesi ambayo betri hutoa ikichajiwa. Binamu alifungua vifuniko vya betri, akakuta sahani za risasi ndani zimekauka, akainua dumu la maji ajaze. Nikamshika mkono. "Funika sahani tu. Ukijaza sasa, ikichajiwa itatapika asidi." Niliposikia maneno hayo ya Volti kinywani mwangu, ilibidi nitoke nje kidogo.

Tulipounganisha waya wa mwisho, taa ndogo juu ya kitanda cha Volti iliwaka yenyewe.

"Yesu wangu!" Binamu aliruka, akagonga kichwa kwenye kabati. "Volti, kaka, mimi nilikuwa nakutania tu!"

"Ni mimi," mama alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. "Siku ile ya mazishi niliiwasha. Sikutaka alale gizani. Kumbe ndiyo iliyomaliza betri; nimeiua mwenyewe kazi yake."

Nilimkalisha, nikamshika mkono mpaka kifua chake kikatulia.

Betri ya kwanza iliamka, chaja ikaendelea nayo peke yake. Ya pili tuliifanyia vivyo hivyo; ilifika volti kumi ikagoma, na ubavu wake mmoja ukawa wa moto hata kiganja hakikai. Tukaitoa. Jumapili sikwenda ibada. Nilisali hapohapo, mita mkononi. Adhuhuri nilichomoa chaja, nikaongeza maji, nikasubiri kwa saa tatu, maana Volti alisema betri iliyotoka tu kwenye chaji husema uongo, huonyesha nguvu isiyo nayo. Ikasoma volti kumi na mbili nukta sita.

Mama alivuta dawa yake palepale, sote tukiitazama mita kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ilishuka kidogo, ikasimama.

"Inatosha?" akauliza.

"Kwa mashine, Mungu akipenda. Kwa friji hapana. Wala taa."

Aliitazama ile taa, midomo ikisogea katika sala ambayo hakutaka tuisikie. Kisha akainuka, akaegemea kitanda cha mwanawe, akaizima.

"Lala, baba," akasema.

Nilikata plasta, nikaandika tarehe, nikaibandika juu ya betri. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya kuliko wake. Jumatatu tuliondoka, na siku zote mbili kila mashine ilipowashwa sikuondoa macho kwenye mita. Jumatano asubuhi daktari alimkuta mama yuko kwenye benchi, wa kwanza kwenye foleni.