Kumvusha Mtoto Mfangano

Nilipoolewa Awendo nilikuta mtoto ndani ya nyumba. Sikushtukizwa, nilijua tangu mwanzo kwamba mume wangu alifiwa na mkewe akaachiwa binti. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na kulipikia uji kila asubuhi ni kitu kingine. Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania, watu wa mahindi na ng'ombe, na hasira zangu haziko mbali. Mtoto alikuwa mpole, mwenye maswali mengi, na aliniita Anti. Kijaluo changu kilikuwa cha kusalimiana tu, na Kikuria hakuna aliyekitaka, kwa hiyo nyumba yetu ilizungumza Kiswahili.

Mama mzazi wa marehemu alikuwa akiishi kisiwani Mfangano. Mtoto alimwita Dani, yaani nyanya, ingawa alimjua kwa sauti ya simu tu. Dani hakuwa amemtia machoni tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Kwa mila zao mama mkwe halali kwa mkwewe, na kutoka Mfangano hadi Awendo na kurudi si safari ya kwenda asubuhi ukarudi jioni. Alikuja mara moja, kumzika binti yake, akalazwa kwa jirani. Siku hizo mtoto alikuwa amepelekwa Migori kwa shangazi ili asione mambo ya wakubwa. Wakapishana.

Basi ikabaki mtoto ndiye aende, na mtoto alikuwa anaogopa boti.

Sisemi woga wa kuguna guna na kuvuta miguu. Ukitaja kisiwa tu, chakula alichokula kilitoka. Baba yake alijaribu kumpeleka mara mbili kabla sijaja. Mara zote mbili walifika Homa Bay mjini, mtoto akaona boti ziwani, akashika kiti cha gari kwa mikono miwili. Walirudi nyumbani na samaki waliowanunua huko, na shughuli ikaishia hapo.

Kisha Dani akanipigia simu mimi, si mkwewe. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, nashona sketi za shule.

"Mama," akasema, "daktari amesema macho yangu inafunga. Inafunga pole pole, na ile imeenda hairudi. Mimi sitaki kitu ingine. Nataka nione sura ya huyo mtoto nikiwa bado naona."

Nikamwambia tutampigia kwa video. Akacheka kidogo. Alisema ameshajaribu kwa simu ya jirani, picha ikaganda, akaonyeshwa paji la uso.

Niliahidi kwamba nitamleta. Baada ya kukata simu ndipo nilipojiuliza nimeahidi nini. Nilikuwa na woga wangu pia, na sikumwambia mtu. Ningeingiaje nyumbani kwa mwanamke yule, mimi niliyelala kwenye kitanda cha binti yake na kupikia kwenye sufuria zake?

Awendo nzima ilikuwa na dawa ya mtoto wangu. Jirani alisema abebwe mzobemzobe, akishafika atanyamaza. Mke wa mchungaji alimwekea mikono kichwani akaomba mpaka uji wangu ukaungua. Mume wangu, ambaye huendesha trekta la miwa na huamini kila tatizo lina kifaa chake, alileta jaketi la kuelea la rangi ya machungwa kutoka Sori, kando ya ziwa. Mtoto alilipenda sana. Alilivaa akilisha kuku, alilivaa akifanya hesabu, na jioni moja nikamkuta amemvalisha mbuzi. Nikadhani tumeshinda.

Tukampeleka Sori, ambako mke wa binamu ya mume wangu huanika omena, dagaa wa ziwani. Aliingia majini na wasichana wa pale hadi kiunoni, wakarushiana maji, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwetu. Jaketi lilikuwa limetupwa mchangani. Kisha binamu akamwita aje akae kidogo ndani ya boti yake. Boti yenyewe ilikuwa juu kwenye nchi kavu, imelazwa ubavu, inazibwa nyufa. Hata kuku wangeweza kuipanda. Mtoto alilia mpaka pumzi ikamkatika.

"Maji huogopi," nikamwambia nikiwa nimeshakasirika, "unaogopa mbao?"

"Ndiyo, Anti," akajibu.

Niliona ni utovu wa adabu, nikamwambia anyamaze. Kumbe alikuwa amenijibu nilichouliza.

Shule zilipofungwa nikamkalisha chini nikamweleza kuhusu macho ya Dani, bila kuficha. Alisikiliza, akaniuliza kama kufunga huko kunauma. Nikasema hakuumi. Akasema basi tutaenda. Alifungasha mwenyewe nguo zake na picha aliyomchorea, kuku mwenye miguu mingi kupita kiasi. Mume wangu alikuwa kazini, msimu wa kuvuna, kwa hiyo tulisafiri wawili hadi Mbita, mahali ambapo boti za abiria za Mfangano hupakia.

Kwenye foleni mbele yetu kulikuwa na mama mmoja mwenye kreti za mkate, mnene, mcheshi, anayejua kila mtu gatini. Mtoto alimwuliza kama watu wa kisiwani hawawezi kupika mkate wao. Mama yule akasema wanaweza, lakini asiwaambie, maana watoto wake watalala njaa. Wote tukacheka. Nilijiambia mambo yamekuwa mepesi.

Zamu yetu ilipofika, miguu ya mtoto ikagoma. Kijana wa boti alimnyooshea jaketi, yeye akaketi chini pale pale kwenye saruji, watu wakawa wanamruka. Nilimvuta mkono mara moja. Alinitazama, hakulia, na nikauachilia. Mama wa mkate akaniita kutoka ndani, "Mwache, mama. Kuna ingine mchana." Kamba ikafunguliwa, boti ikaenda bila sisi.

Nilikasirika, siwezi kusema vinginevyo. Nilimshika mkono tukaenda kwenye kibanda cha chai karibu na gati, nikaagiza chai na mandazi, na sikumsemesha. Nilikuwa nikifikiria vile nitakavyompigia simu mwanamke anayepoteza macho na kumwambia tumefika Mbita tukashindwa. Mtoto alikuwa akimega mandazi vipande vidogo bila kula. Mwishowe nikamwuliza, kwa uchovu tu wala si kwa hekima yoyote, hiyo boti ilimkosea nini.

Alijibu mara moja.

"Watu wakienda na boti, wanarudishwanga na gari."

Nilirudisha kikombe mezani. Kidogo kidogo nikaanza kuelewa, kwa yale mume wangu aliyonisimulia. Mama wa mtoto alipozidiwa na ugonjwa alitaka kwenda kupumzika kwa Dani. Walimsindikiza hadi Mbita, kwenye gati hili hili, na mtoto akampungia mkono boti ikiondoka. Baada ya majuma kadhaa gari likaingia bomani kwao na watu wanaolia. Mtoto aliliona. Kabla hajauliza, akabebwa kwenda Migori, na huko akaambiwa mama bado yuko kwa Dani. Aliporudi alikuta kaburi. Tangu hapo aliambiwa mama amekufa, na alijua amekufa, lakini hakuna aliyekaa naye akamweleza kilichotokea kati ya ile boti na lile gari. Kwetu huku mtoto haelezwi kifo, huondolewa tu mpaka kipite. Basi alijieleza mwenyewe, na maelezo yake yalikuwa na akili kuliko yetu.

Mimi pia sikuwahi kumtaja mama yake. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, niliipangusa vumbi kila Jumamosi, lakini jina lake halikupita mdomoni mwangu. Niliona si haki yangu. Pale kibandani nilitamani baba yake angekuwepo, au shangazi wa Migori, au yeyote mwenye haki zaidi. Hakukuwa na mtu.

"Mama yako alikuwa mgonjwa kabla hajapanda boti," nikamwambia. "Alikuwa mgonjwa sana. Boti haikumfanya kitu. Ugonjwa ndio ulimuua."

Aliacha kumega mandazi. "Boti ilimpeleka tu kwa mamake?"

"Ilimpeleka tu."

"Na alifika?"

"Alifika. Alikaa na Dani siku nyingi. Dani alimlisha, akamshika mkono. Alipokufa ndipo akaletwa na gari, ili azikwe nyumbani kwenu. Watu wazima wa afya wanarudi na boti."

"Nataka kuona," akasema.

"Kuona nini?"

"Wakirudi."

Ningeweza kumwambia kwamba kila siku wanarudi, kwamba dunia nzima inajua hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kumwambia mambo. Tulirudi gatini tukakaa juu ya mifuko yetu, jua likatupiga vya kutosha. Mchana boti ikatokea, kwanza ndogo, kisha ikawa na watu. Mtoto alisimama. Aliwatazama walipokuwa wakishuka, mmoja mmoja, nyuso zao, kama karani anayepokea mizigo. Karibu wa mwisho akashuka mama wa mkate, kreti tupu zikiwa kichwani.

Mtoto akamwendea akamgusa mkono.

"Umerudi," akamwambia.

"Nirudi na nini, na mabawa?" Mama yule alicheka, kisha akaona uso wa mtoto, akateremsha kreti zake chini. "Nimerudi, mama yangu. Mkate imeisha, sasa nikae huko nifanye nini? Na kesho naenda tena, na narudi tena."

"Hukuwa mgonjwa?"

"Kwa nini niwe mgonjwa? Niangalie nilivyonona."

Mtoto alimwangalia kweli, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Kisha akaja kwangu, akachukua mfuko wake mwenyewe, akaenda kuchukua jaketi kwa kijana wa boti. Namshukuru mama yule mpaka leo. Hakuniuliza chochote, alinisukuma tu begani kwa upole nikapande haraka kabla mtoto hajabadili nia.

Hakubadili. Aliyepata shida ni mimi. Tulipotoka eneo la maji matulivu, mawimbi yakaanza kuinua boti na kuiachia, na tumbo la Isebania halikuzoea mzaha huo. Nilitapika kando ya boti mbele ya wachungaji wawili na mwalimu. Mtoto alinishikia leso, akanipapasa mgongo, akaniambia niangalie ule mlima wa kisiwani, nisiangalie maji. Sijui aliyajulia wapi hayo. Mkono wake ulikuwa baridi, nisije nikadanganya kwamba woga ulimtoka wote. Lakini hakuuondoa mgongoni kwangu hadi tukafika.

Dani alikuwa mlangoni. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Hakupiga kelele wala kukimbia. Alimshika mtoto mabega, akamgeuza taratibu hadi mwanga wa jioni ukampata usoni, akainama. Alimtazama paji, nyusi, akarudi kwenye macho, akashuka kidevuni. Alimtazama muda mrefu hata mtoto akaona aibu, akaanza kucheka, na pengo la meno yake likaonekana.

"Masikio ni ya mamake," Dani akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. Kisha akasema mengine mengi kwa Kijaluo, polepole, na hayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nilisimama kando na mifuko, machozi yakanitoka, na nilishukuru Mungu kwa sauti, mimi ambaye husali kwa haraka ili niende sokoni.

Wakati wa chakula alituwekea ugali na samaki aina ya ngege, mzima mmoja mmoja. Mimi nililelewa kwa nyama na mboga, samaki mwenye mifupa hunitoa jasho, na siku ile nilikuwa nimeketi mezani kwa mama wa mwanamke ambaye nafasi yake nimeikalia. Nilikula ugali kwa mchuzi na kumwacha samaki. Dani alikuwa akimchambulia mjukuu wake. Hakutazama sahani, vidole vyake vilipita ndani ya mnofu na kuitoa miiba bila kukosea, hata ile myembamba.

"Chiem, nyathina," akamwambia. Kula, mwanangu.

Alipomaliza, mkono wake ukavuka meza, ukapapasa hadi ukaipata sahani yangu. Akaivuta karibu naye. Akachambua samaki wangu, upande mmoja, kisha mwingine, akiweka miiba pembeni, nasi wawili tukimtazama. Kisha akairudisha sahani mbele yangu.

"Chiem, nyathina," akaniambia, nikala.