Inzi wa Zizini

Kuna mtu amemwaga maziwa hapa maabara, na harufu yake imenikuta nikifuatilia kwenye kompyuta mishipa ya fahamu ya jicho la inzi, mmoja baada ya mwingine.

Zizini kwetu mama alikamua, na mimi nilisimama karibu naye nikiwa na kitambaa cha kumfukuzia inzi usoni. Macho yake yaliumwa vikope, ugonjwa unaopofusha polepole, na inzi waliyapenda.

"Bado yupo?"

"Ameruka, mama."

"Huyo anakuona kabla hujanyanyua mkono."

Inzi akarudi. Nilinyanyua kitambaa taratibu, nikiogopa kumpiga mama. Inzi akahamia jicho la pili.

"Sasa ameenda?" aliuliza mama.

Alikuwa ametua katikati ya mboni, anasugua miguu yake, na mama hakupepesa jicho.