Sindano ya Mama Mkwe

Wifi yangu alikuwa amezika watoto wawili, wote ndani ya wiki ya kwanza. Walizaliwa wazima, wakanyonya vizuri, kisha taya zikabana, mwili ukakakamaa, basi. Mama mkwe alisema ni ndege mbaya aliyepita juu ya nyumba. Mimi nilisema ni samadi ya ng'ombe aliyowapaka kwenye vitovu ili vikauke. Nililisema hilo jikoni kwake, Buswelu, miaka ile mitumba ilipofurika sokoni. Nusura nirudishwe kwetu. Siku mbili nzima hakuitikia shikamoo yangu.

Sikuwa nesi. Nilikuwa nikimpeleka mwanangu kliniki tu, na huko tulifundishwa habari za pepopunda: mjamzito achomwe sindano, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisipakwe kitu. Wifi aliporudi kwao na mimba ya tatu, nikaapa safari hii sinyamazi. Lakini uvumi ulikuwa umeshatangulia kwamba sindano ile inafunga kizazi, na mama mkwe akasema binti yake hachomwi ng'o.

Nikamwomba twende wote akamwulize nesi mwenyewe. Alikwenda, amenuna njia nzima. Nesi alipomaliza kueleza, mama mkwe akakunja mkono wa gauni.

"Nichome mimi kwanza. Kizazi changu kilishafunga duka. Nikifa, mtajua."

Nesi akamchoma, maana hata mkulima akijikata kwa jembe huweza kupata pepopunda. Wiki nzima mama yule alikagua mkono wake asubuhi na jioni. Hakufa. Alipalilia. Basi wifi akachomwa, baada ya mwezi akachomwa tena, akajifungulia zahanati. Mvulana.

Kikabaki kitovu. Nilihamia chumbani kwa wifi kwa shari kabisa. Siku ya tano jirani akaleta samadi mbichi kwenye jani la mgomba, kwa nia njema. Nikainuka nimgombeze, mama mkwe akaniwahi. Akaipokea, akaenda kuitupa kwenye tuta la mchicha.

Siku ya nane mtoto alilia kwa njaa, kinywa wazi hadi ufizi ukaonekana. Wifi alilia kwa furaha kumshinda. Mama mkwe alimtazama mjukuu wake muda mrefu, kisha akaketi chini.

"Wale wawili," akaniambia, "ni mikono yangu."

"Mama, ulikuwa hujui."

Siku ya kliniki iliyofuata alitoka mapema, akagonga nyumba moja baada ya nyingine akiita wajawazito, na hakuna aliyethubutu kubaki ndani.