Minazi ya Chokaa Uani kwa Bi Mwatima

Siku ya kwanza Azizi alipokwenda kwa Ussi, alikwenda na viatu vya ngozi na ombi ambalo Ussi, mnunuzi wa mbata, zile nazi kavu, hakuwa amepata kulisikia: alitaka nazi zisianguliwe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Zisianguliwe, zikae juu zifanye nini?"

"Zianguke zenyewe, mwaka mzima. Nipime kila nazi ya kila mti."

Ussi alimjua. Alikuwa mtoto wa Bi Mwatima wa Kirongwe, na minazi ya Bi Mwatima alikuwa ameikodi yeye Ussi. Enzi hizo za Mwingereza, kijana wa Mafia kufika chuo kikuu bara lilikuwa jambo la kusomewa dua. Azizi alikuwa amefika, amemaliza, na sasa ni msaidizi katika idara ya kilimo. Ussi akamhoji kama anavyokagua gunia, kwa kutia mkono mpaka chini. Ikabainika kuwa msaidizi si mwalimu. Husahihisha karatasi za wanafunzi wapya, huosha vioo vya maabara, humbebea profesa sanduku, na kila mwaka huiomba nafasi yake upya. Utafiti huu ukitimia, idara itamfanya mwalimu kamili. Usipotimia, yuko mwenzake anayekingojea kiti hicho.

"Basi chukua minazi yangu ya Kiegeani, kule mbali na watu."

"Mbali nani atailinda, ami? Nataka ile ya uani kwa mama. Yeye yuko barazani kutwa, mwizi hapiti."

"Minazi ya uani haina mwenyewe siku ya msiba. Au kule bara wamekusahaulisha?"

Azizi akacheka. "Kwani nani anakufa?"

"Hilo huulizwi wewe wala mimi."

Maana Kirongwe nyumba ikifiwa, wakwezi huiparamia minazi iliyo karibu nayo bila kuuliza bei, na tui lake ndilo linalowapikia waliokuja kuzika. Ussi alionya mara moja. Mara ya pili hakuonya. Aliyekwisha kusikia ana masikio yake. Badala yake alidai mbegu za miti itakayozaa kuliko mingine, Azizi akakubali, wakapeana mikono. Kijana akaizungushia minazi ya uani pete za chokaa, alama ya kutoanguliwa, akarudi kwa profesa wake. Bi Mwatima akawa mlinzi, akitenga nazi za kila mti mpaka mwanawe arudi likizo kuzipima; zikishapimwa, Ussi akizichukua.

Mwaka ulikuwa ukingoni, na Azizi yuko nyumbani kwa likizo ya mwisho, homa ilipomshika mama yake. Ijumaa alfajiri akafariki.

Ussi alipofika, masufuria yalikuwa mekoni na mbuzi za kukunia zimekaa bure. Wiki ile ile Kirongwe nzima ilikuwa imeangua, nazi zimepasuliwa na kuanikwa ziwe mbata. Miti iliyobaki na nazi ni ile yenye chokaa tu.

Kombo, mkwezi, alisimama chini yake, kamba mkononi.

"Bwana Azizi, tupande? Au hizi zimesoma, haziliwi na sisi wajinga?"

Azizi akamvuta Ussi nyuma ya nyumba.

"Ami, zimebaki siku chache tu. Wewe ndiye uliyeikodi. Waambie hapana. Wewe watakuelewa, ni mfanyabiashara."

Ussi alilipima neno lile. Mbegu zake nazo zilikuwa juu kule, na mbegu za namna ile hazipatikani sokoni. Lakini alijua pia kwamba anayezuia tui la msiba Kirongwe hatapata mti wa kukodi tena.

"Hapana nasema kila siku, mwanangu, na usingizi napata. Hii si yangu. Mama ni wako na kiti ni chako. Iseme mwenyewe."

Ndani, maji ya kuoshea maiti yalisikika yakimiminwa. Azizi aliyasikiliza mpaka yakakoma, akarudi uani.

"Angua, Kombo. Yote."

Nazi zikaanza kutua, na kila moja ilipogonga mchanga, bega la Azizi liliinuka kidogo, kama mtu anayetaka kuikimbilia aipime.

Bi Mwatima alizikwa baada ya sala ya Ijumaa. Watu walipokezana jeneza kwa kugombea, na waliorudi walikula wakashiba.

Chuo kilipofunguliwa, kiti alipewa yule mwenzake. Azizi alipata kazi ya kufundisha watoto Kilindoni, huko huko Mafia, na Kirongwe hakuna tena aliyemwita bwana; wakamwita Azizi wa Mwatima, na akija hupewa nafasi ya mbele kwenye mkeka. Hakuwahi kusema kama kiti alichokosa na nafasi ile ya mkekani vina uzito sawa.

Ussi alikosa mbegu. Alipanda za kawaida, na zinazaa kikawaida. Ila msimu uliofuata watu wa Kirongwe walimkodisha minazi yao kabla ya wanunuzi wengine, wakisema huyu ndiye aliyeachia nazi siku ya msiba. Ussi alipokea minazi, na hakuwasahihisha.