Ng'ombe Huitiwa Daktari

Huku Kimulot, ng'ombe akiharisha damu, daktari wa mifugo huwa zizini kabla umande haujakauka. Mwanamume akiharisha damu, hunyamaza.

Baba alinyamaza mwaka mzima. Alianza kufua suruali zake mwenyewe nyuma ya nyumba, kazi ambayo wanaume wa rika lake hawaigusi. Mama alicheka, akadhani uzee umemtia adabu. Tulipojua, saratani ilikuwa imeshaziba utumbo mpana. Daktari alituambia waziwazi: ugonjwa huu unaua watu dunia nzima, lakini huanza kama kinyama kidogo, huchukua miaka kukomaa, na kikionekana mapema hukatwa, mambo yakaisha. Ninyi watoto wake, akasema, mpimwe.

Nilimzika baba nikiwa na hasira zaidi kuliko huzuni. Bado ninayo. Naichukia hata mvua ya alasiri inayolinyeshea shamba lake la chai kwa wakati wake, kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Mimi nilipimwa. Kaka yangu alikataa.

"Mimi si ng'ombe wa kuingizwa mkono," aliniambia. Alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe wetu, na mtu wa kupandikiza mbegu amezamisha mkono wenye glavu ndani yake hadi karibu na bega. "Wewe enda uandike vitabu vyako."

Miezi michache baadaye, mke wake alininong'oneza jikoni kwamba kaka ameanza kufua suruali zake.

Kwetu dada hataji makalio ya kaka yake mbele ya wanaume. Jioni hiyo nilimfuata kwenye kituo cha kupimia majani chai. Wanaume walikuwa wamekaa kando ya magunia wakingoja lori. Nikayataja.

"Huyu anatoa damu makalioni kama baba. Ingekuwa ni ng'ombe wake, angekuwa ameshampigia daktari simu."

Mzee mmoja wa rika la baba aligeuza uso. "Msichana, hayo hayasemwi."

"Hayakusemwa, mzee. Ndiyo maana mlichimba kaburi."

Mtu alicheka, akajikohoza kuficha kicheko. Kaka aliinuka akajipangusa majani magotini, taratibu, bila kuniangalia.

"Nitaenda," alisema. "Nitaenda ili nirudi na karatasi ya kukufunga hicho kinywa."

Alienda Kericho mjini, akapitishiwa kamera utumboni. Karatasi hakuniletea. Ni mke wake aliyenieleza: walikuta kinyama mfano wa uyoga, wakakikata papo hapo, na maabara ikasema kilikuwa hakijageuka saratani. Kingeachwa, kingegeuka.

Kaka hajanisalimia tangu siku ya kituoni. Nikiingia kwake, huinuka na kikombe chake akaenda kunywea zizini. Namwona kupitia dirisha, ameegemea ua, mzima, ananenepa, amenuna.

Na anune. Baba hawezi hata kununa.