Blanketi Lenye Utepe Mwekundu

Harufu ya kitenge kikipigwa pasi hunirudisha kwenye ukumbi ule mkubwa uliojaa mablanketi ya viraka, yametundikwa juu na ni marufuku kugusa. Niliyazunguka yote mara mbili, nisije nikapunjwa. Moja lilikuwa na ndege watupu. Jingine lilifanana na mvua juu ya mabati.

Mwishoni mimi na mama tukafika kwenye lake, alilolishona kwa vipande vya kitenge vilivyobaki chini ya cherehani yake kule mtaani kwetu Rosettenville. Aliniahidi kwamba maonyesho yakiisha litakuwa langu, maana chumba chetu kilikuwa na baridi. Tukalikuta limebandikwa utepe mwekundu.

Mama akaganda. Kwetu sokoni, kitu kikishafungwa utepe kimepata mnunuzi.

“Eish, nani kanunua bila kupatana na mimi?” akamuuliza mama mzungu mwenye glavu nyeupe. Nikatafsiri.

Mzungu akacheka. Utepe ulikuwa wa ushindi: blanketi letu limekuwa la kwanza.

“La kwanza kati ya haya yote? Hebu muulize tena.”

Nikamuuliza tena. Bado lilikuwa la kwanza.

“Kwa hiyo nitalala nalo?” nikamuuliza mama.

“Utalala nalo, bwana mkubwa. Ila ukilikojolea, utanitambua.”